Mkuu wa Meza Hakuuliza

Kila mara Injili ya harusi ya Kana inaposomwa, padri hutueleza juu ya Maria, juu ya mabalasi sita ya mawe, juu ya utii wa watumishi waliojaza maji hadi juu. Mkuu wa meza hupitwa. Mimi humwangalia yeye, kwa sababu kazi yake inafanana na yangu. Yohana anasema waziwazi kwamba mtu huyu alionja divai bila kujua imetoka wapi, na anaongeza kwamba watumishi walijua. Alionja, akailinganisha na ile iliyotangulia, akatoa hukumu kwamba hii ya mwisho inaipita ya kwanza. Hukumu ilikuwa kweli. Kisha akamwita bwana harusi, akampa sifa zote. Sasa bwana harusi huyo alikuwa amefanya nini? Divai yake ndiyo iliyokwisha.

Katika mistari michache tu mtu yuleyule amepatia na amekosea. Ulimi wake ulisema kweli juu ya kinywaji, halafu shukrani zake zikaenda kwa asiyehusika. Hapo ndipo swali langu lilipo: anayeonja, ni afadhali ajue kitu kimetoka wapi, au asijue?

Ninafanya kazi katika maabara ya mgodi hapa Fungurume, kwenye barabara ya taifa kati ya Likasi na Kolwezi. Sampuli hutufikia katika vifuko vyenye namba tu. Hakuna jina la shimo, wala la zamu, wala la aliyechota. Ndivyo inavyotakiwa. Nikijua kwamba unga huu umetoka kwa msimamizi ambaye ni shemeji yangu, mkono wangu utafanya kazi ileile, lakini jicho litatafuta namna ya kumsaidia. Shaba inapotoka kwenye matangi ya umeme ikiwa bamba, tukakuta asilimia 99.99, imekuwa sawa na bamba la Chile au la Zambia. Udongo mwekundu wa vilima vyetu haumo tena ndani yake. Nimeizoea haki ya namna hiyo, haki ya kutojua, na kwa muda mrefu imenitosha.

Halafu kuna mhandisi mmoja kutoka Sonora, kaskazini ya Mexico, nchi ya shaba kama kwetu. Mkataba wake ulipokwisha alikuwa na chupa tatu za tequila ambazo hazikuwa na nafasi katika mabegi yake, akazileta kwenye lupango langu, yaani uani kwangu, jioni ya Jumamosi. Nilikuwa nimewaalika katekista wa parokia yetu na shemeji yangu mchungaji wa Kimethodisti, ambaye alikuja na Fanta yake mwenyewe ili kusiwe na maneno. Nilimwalika pia mama mmoja jirani ambaye hupika lutuku, pombe kali yetu ya kienyeji. Yeye nilimwomba alete ya kwake. Alileta chupa mbili: moja ya mahindi matupu, nyingine ya mahindi na mihogo. Akaongeza ya tatu, iliyopikwa na mtu mwingine upande wa pili wa mji, ile ya sukari ambayo wachimbaji wa mkono huinunua usiku kwa sababu ni ya bei ndogo na inafika upesi kichwani.

Mhandisi alizipanga chupa zake na kutueleza. Zote tatu zilitoka kiwanda kimoja na mmea mmoja, agave ya buluu, ndugu wa mkonge ule wa Tanga. Mmea huachwa shambani miaka sita, saba, wakati mwingine zaidi. Majani hukatwa, kitovu chake kizito hupikwa mpaka utamu utoke, husagwa, maji yake huchachuka, kisha hupikwa kwa mvuke mara mbili. Baada ya hapo ni suala la muda na mbao. Blanco hutiwa katika chupa ikiwa nyeupe, bila kulala katika pipa, au ikilala kidogo tu. Reposado hulala katika mbao miezi miwili au zaidi. Añejo hulala mwaka mmoja hadi mitatu katika mapipa madogo. Tangu 2006 kuna daraja la juu yake, extra añejo, la miaka mitatu na kuendelea. Alitukataza ndimu na chumvi. Alisema hivyo ni vya kufukuza ladha mbaya, na kama ladha ni mbaya, basi mtu asinywe.

Mama alinusa kwanza, muda mrefu, kuliko sisi wote. Alionja blanco, akaitema kidogo chini, akaonja tena.

“Hii iko na majani,” alisema. “Iko na kitu ya kuchoma ndani ya udongo. Mpishi namuona.”

Reposado aliikubali kwa kichwa: mbao zimeingia lakini zimekaa pembeni. Añejo aliishika mdomoni, akatutazama kama mtu aliyepunjwa sokoni.

“Baba, hii nakunywa kabati.”

Tulicheka, mhandisi naye alicheka alipotafsiriwa, ingawa añejo ndiyo iliyokuwa na bei kubwa kuliko zote. Mama hakuwa anachekesha. Alieleza kwamba katika chupa ya kwanza unaona kila kitu alichofanya mpishi, hata pale alipoharakisha moto. Katika ya tatu mpishi amejificha nyuma ya pipa, na pipa si kazi yake. Mimi naipenda añejo, nilisema hivyo na bado nasema hivyo. Ina ukali uliotulia, na harufu ya vanila inayobaki puani. Lakini sina jibu la hoja yake. Kwa mpishi, kuonja ni kumtafuta mpishi mwenzake.

Katekista alitaka kutupatanisha. Kila mtu na ulimi wake, alisema, nani atahukumu? Hayo ni maneno ya amani, na mezani yanafaa. Ila si kweli. David Hume, mwanafalsafa wa Scotland, aliandika mwaka 1757 juu ya kipimo cha ladha, akakopa kisa kutoka kwa Cervantes. Ndugu wawili wa Sancho Panza waliitwa kuonja divai ya pipa kubwa. Wa kwanza akasema ni nzuri, ila kuna ladha ya ngozi. Wa pili akasema ni nzuri, ila kuna ladha ya chuma. Watu wakawacheka wote wawili. Pipa lilipokauka, chini yake wakakuta ufunguo mkuukuu uliofungwa kwa kamba ya ngozi. Hume alitaka kusema kwamba ladha si ndoto ya mwonjaji. Kuna kitu ndani ya pipa, na kuna ndimi zinazokifikia na ndimi zisizokifikia.

Sisi tulipata ufunguo wetu. Mama alipofika kwenye ile lutuku ya sukari hakuimeza kabisa. Alisema bomba la mpishi huyo si shaba. Katekista akamuuliza kwa upole kama ulimi unaweza kuona bomba. Akajibu kwamba inanuka kama yai, na shaba haiachi kitu kama hicho kipite. Kuhusu jambo hilo ninaweza kumsimamia kwa kemia yangu: katika uchachukaji hutokea misombo ya salfa yenye harufu mbaya, na shaba ya moto huikamata mvuke unapopita. Ndiyo sababu watengenezaji wengi wa tequila, kama wale wa wiski na konyaki, wanapenda mitambo ya shaba, au walau koili ya shaba ndani ya mtambo wa chuma cha pua. Jumatatu nilipita upande huo wa mji kwa sababu nyingine na nikachungulia. Pipa la chuma, na mvuke ukipozwa katika radieta ya lori. Radieta za zamani zimeunganishwa kwa risasi. Ningekuwa na mamlaka ningefanya kitu. Sina, nikamwambia mwenyewe, akanisikiliza kwa adabu.

Kwa hiyo nashikilia kwamba kuna ukweli wa ladha, na hauhitaji jina. Mama hakuambiwa kiwanda, hakuona bomba, na alisema sawa. Lakini jioni ile ya Jumamosi ilikuwa bado haijaisha.

Mhandisi alipendekeza tuonje tena kama waonjaji rasmi, bila kujua. Nilichukua vikombe, nikavitia namba kwa kalamu ya maabara, nikamimina nyuma ya nyumba: blanco, reposado, lutuku mbili za mama. Ile ya radieta niliitupa. Kwa kuwa reposado ina rangi, nilitumia vikombe vya bati ili macho yasichongee. Katekista ni mtu mwaminifu na ana pua nzuri. Miaka yote yeye ndiye anayegundua uvumba uliochanganywa. Alizunguka vikombe vyote mara mbili. Akaweka mkono juu ya kile cha nne. Hiki, alisema, ni kisafi, kina utamu wa nafaka mwishoni, hakichomi bure. Kisha akasimama, kwa sababu ni mtu wa adabu, akamgeukia mhandisi, akamshukuru kwa niaba ya mtaa mzima kwa kuleta kinywaji kizuri namna hiyo kutoka nchi ya mbali.

Kikombe cha nne kilikuwa lutuku ya mahindi. Aliyeipika alikuwa ameketi mkono wake wa kushoto. Aliijua, bila shaka aliijua, na hakusema neno. Watumishi wa Kana hawakusema neno vilevile.

Nimeifikiria sana hotuba ile fupi. Haki ya maabara ilikuwa imetendeka kikamilifu. Kama katekista angejua kwamba kikombe kile ni lutuku, asingekiweka hata cha pili. Angekumbuka wachimbaji wanaolala kando ya barabara siku ya malipo, angekumbuka mahubiri yake mwenyewe, na ulimi wake ungetii kumbukumbu. Kutojua ndiko kulikokiokoa kikombe cha mama kutoka katika dharau. Hilo si jambo dogo. Na kutojua huko huko ndiko kulikompokonya shukrani na kumpa mtu wa Sonora, ambaye, nimtendee haki, alikuwa ameona haya na alikuwa anatazama chini.

Mexico wamejaribu kutibu jambo hili kwa sheria. Tangu 1974 jina tequila linalindwa: ni la Jalisco yote na sehemu za majimbo mengine manne, Guanajuato, Michoacán, Nayarit na Tamaulipas. Kila chupa ina namba ya kiwanda, wanaiita NOM, hata kama jina kubwa la mbele ni la mwanamuziki au tajiri ambaye hajawahi kushika panga shambani. Ukiijua namba utakuta chupa mbili zenye majina yanayoshindana zimetoka mlango mmoja. Nimeipenda namba hiyo. Ni namba ya maabara iliyogeuzwa: kwetu namba inaficha asili, kwao inaifichua. Ila hata hapo inafika kiwandani tu. Mkata agave, anayejua kwa kutazama ni mmea upi umeiva, hayumo kwenye karatasi.

Nimegundua pia kwamba kila watu hupanga vinywaji vyao kwa jambo wanalolijali. Wamexico hupanga kwa muda katika mbao. Wachina, ambao tangu mgodi mkubwa wa hapa uingie mikononi mwa kampuni yao mwaka 2016 wametuletea pia pombe yao ya mtama, baijiu, huipanga kwa harufu: harufu nyepesi, harufu kali, harufu ya mchuzi wa soya. (Ya mchuzi niliionja mara moja, na inatosha.) Sisi hupanga kwa mtu. Hakuna anayesema lutuku ya miezi sita au lutuku ya harufu nyepesi. Husema ya mama fulani, ya kule Tenke karibu na njia panda ya reli, ya yule mjane nyuma ya soko. Aina zetu zina sura na sauti na zinakudai. Ndiyo maana nje ya mtaa zinapotea zote katika neno moja, lutuku, na neno hilo linabeba ya bomba la shaba na ya radieta kwa hukumu moja.

Hukumu hiyo ni ya zamani. Mkataba wa Saint-Germain-en-Laye wa 1919 ulifunga sehemu kubwa ya Afrika dhidi ya pombe kali za biashara na dhidi ya kuzipika humo humo. Katika Kongo ya Wabelgiji, mtu mweusi alizuiwa divai na pombe kali hadi miaka ya mwisho ya ukoloni. Hebu fikiria katekista wa wakati ule: alfajiri anamletea padri chupa ndogo ya divai altareni, divai ambayo sheria ya serikali inamkataza kuinunua na ambayo Misa ya siku zile haikumpa, kwa sababu waamini walipokea mkate tu. Alijua asili yake yote. Ladha yake hakuijua.

Na Kanisa langu, katika jambo hili, limesimama ng'ambo ya pili kabisa ya maabara. Kanuni ya 924 inataka divai ya asili, iliyotokana na tunda la mzabibu, isiyoharibika. Juu ya utamu haisemi kitu. Divai inaweza kuwa chungu kama dawa, ikitoka katika zabibu inafaa. Lutuku ya kikombe cha nne inaweza kuwa bora mara kumi, haifai. Misale yetu ya Zaire, iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988, ilituruhusu kuwaita mababu na kucheza kuzunguka altare, lakini mzabibu ulibaki palepale. Wakimbangu walichukua njia nyingine: tangu 1971 ushirika wao ni asali na maji, na mkate wa viazi, mahindi na ndizi. Sitaki kuamua kati yao katika ukurasa mmoja. Nimeelewa tu kwa nini kanuni haiulizi ladha. Ekaristi ni shukrani, na shukrani lazima ijue inamkumbuka nani, usiku gani, meza gani. Mzabibu uko pale kama anwani.

Siku chache baadaye, nilipomweleza katekista ukweli wa kikombe cha nne, alinyamaza, kisha akasema, “Mungu alijua.” Alisema kwa furaha kabisa. Wazazi wake walikuwa wa Jamaa, harakati ya waamini Wakatoliki, kule Kolwezi, katika miaka ambayo padri Placide Tempels aliishi pale, kuanzia 1953 hadi aliporudi Ubelgiji kwa mara ya mwisho mwaka 1962. Alikua akisikia maneno matatu nyumbani, uzima, uzazi, mapendo, na mafundisho kwamba hakuna mtu anayekuwa mtu peke yake. Tempels alikuwa ameandika mwaka 1945 kwamba kwa Wabantu kuwa ni kuwa na nguvu, na nguvu ya kila kimoja huongezeka au hupungua kwa vingine. Kwa katekista, basi, sifa ikitoka imetoka. Itapita kwa mhandisi, itapita kwa mama, itafika juu. Hata Yesu, alinikumbusha, hakumsahihisha mkuu wa meza. Alimwacha bwana harusi ale sifa yake.

Hoja hiyo ya mwisho ni nzuri, na ndiyo inayonisumbua. Yesu hakusahihisha. Lakini Yesu hakupungukiwa kitu kwa kutosahihisha. Shukrani iliyopotea njia haimgharimu Mungu chochote. Binadamu inamgharimu. Mama jirani anauza chupa kwa bei ya chini kuliko bia ya Simba, na mtu aliyesimama mbele ya mashahidi akasema kikombe chake kinashinda cha Jalisco alisema hivyo kwa faida ya Jalisco. Ikiwa nguvu za watu zimeungana kama Tempels alivyoandika, basi jioni ile kuna mtu aliongezewa na kuna mtu alipunguziwa, na hesabu ya mbinguni haikusawazisha bei ya hapa chini.

Shemeji yangu mchungaji alisubiri zamu yake, na aliistahili. Wamethodisti wa hapa, tangu John Springer na mkewe walipoingia Katanga mwanzoni mwa karne ya 20, hawanywi, na hawaombi radhi. Alisema: mnabishana nani ashukuriwe kwa kitu ambacho kimekula mahindi ya bukari, ugali wa watoto. Nilimkumbusha kwamba mahindi yale yale yamesomesha watoto wa mama huyu. Akanijibu kwamba anajua watoto wa nani wamelala njaa ili hao wasome, na kwamba mimi, mtu wa mizani, napaswa kuipima hiyo pia. Sina namba ya kumpinga. Naweza kusema tu kwamba katazo lake, kwa vile ni la vikombe vyote sawasawa, halimsaidii mtu anayekunywa kutoka kwenye radieta kujua kwamba kuna tofauti. Yeye atasema mtu huyo asinywe. Tumebaki hapo, na tunaendelea kula pamoja Jumapili.

Siku hizi kuna watu wengi wanaouliza asili. Kobalti yetu ya Kongo, ambayo ni zaidi ya nusu ya ile ya dunia nzima, inaulizwa maswali ambayo shaba ya babu zetu haikuulizwa: imechimbwa na nani, kwa mkono au kwa mashine, kulikuwa na mtoto shimoni? Maswali ni ya haki, na ripoti ya Amnesty ya 2016 ilikuwa na sababu ya kuandikwa. Lakini nimeona mafomu mengi, na sijaona fomu hata moja inayouliza asili ili kushukuru. Yote huuliza ili kukataa. Mnunuzi anataka kujua mchimbaji ni nani ili ajiepushe naye. Wasanga wa nchi hii, wayeyushaji wa zamani ambao Monsinyori de Hemptinne aliwaandikia makala mwaka 1926 akiwaita walaji wa shaba, walisubu misalaba ya shaba katika tanuru za udongo wa kichuguu, na aliyepokea msalaba aliweza kuuliza ni wa nani bila mtu kuogopa. Sasa kuulizwa jina ni kuitwa barazani.

Hilo nililipata wazi kwa mama mwenyewe. Nilimpelekea wazo ambalo niliona ni jibu la kila kitu: karatasi ndogo juu ya chupa, yenye jina lake, mahindi ya wapi, bomba la shaba, kikombe cha kwanza cha kila upishi kimemwagwa. Ningezichapisha mimi. Nikamsimulia yale niliyoambiwa na mhandisi juu ya bacanora, pombe ya agave ya milima ya kwao. Gavana Plutarco Elías Calles aliipiga marufuku mwaka 1915, ikapikwa kwa kujificha mpaka 1992, na mwaka 2000 ikapewa jina lililolindwa kama la tequila. Leo ina karatasi, namba, na watalii.

Alisikiliza yote akiwa anakoroga sufuria.

“Hiyo karatasi,” alisema, “polisi anajua kusoma?”

Nikasema anajua.

“Basi ataanza kusoma mbele ya mteja.”

Aliuliza wanawake wa Sonora walifanyaje miaka yote ile. Nikamwambia: waliuza kwa waliowajua. Akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia habari za ndugu wa mbali kwamba hawajambo. Ndivyo anavyofanya yeye. Wanaomjua wanajua lango lake, na ladha ndiyo karatasi yao. Juu ya hotuba ya katekista hakuwa na kinyongo hata kidogo. Alishangaa kwamba mimi bado ninayo. Mtu amesema ukweli juu ya lutuku, akakosea jina. Afadhali hivyo kuliko wale wanaomwita kwa jina lake vizuri wakati wa kukopa.

“Ukimuona,” alisema, “mwambie kwamba kile kikombe anachosifu kinauzwa hapa kila Jumamosi. Aje mwenyewe, asitume mtoto. Na akija, alete ile chupa yangu tupu ya Pasaka, yuko nayo mpaka leo.”